Katibu Asiye na Watani

Simu zake hazikuanza kwa salamu. Ukipokea tu, kabla hujasema haloo, unamsikia: "Hakuna aliyekufa." Halafu anavuta pumzi, ndipo aje kwenye habari za asubuhi, watoto hawajambo, mmeamkaje na baridi hii. Alikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana, sisi Watanzania wa Scarborough, Toronto, na vitongoji vyake, na alijua kwamba jina lake likitokea kwenye simu tunadhani kuna msiba. Alituonea huruma, akawa anatutoa hofu mapema. Tatizo ni kwamba huruma ile ilizaa hofu nyingine. Siku Katibu akianza kwa "Habari za asubuhi, Mama Rehema," nilikuwa natafuta pa kukaa, maana hapo mtu amekufa kweli.

Mimi naendesha basi la shule huku Malvern, na mara nyingi alinikuta nimeegesha, nasubiri watoto watoke. Nilizoea kumsikiliza huku kioo cha mbele kikiganda barafu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kukusumbua na anayejua kwamba lazima akusumbue. Akimaliza anasema, "Basi, nisikuchukulie muda," kisha anaongea tena kitambo.

Sitaanza na kuzaliwa kwake wala ukoo wake. Swali hilo lilimchosha, na aliulizwa kila mahali. Alikuwa Mgoa, wa asili ya Goa kule India, mfupi, mkatoliki wa misa ya kila siku, mwenye jina la ukoo la Kireno na kofia ya kahawia ya sufu yenye masikio aliyoivaa majira yote isipokuwa kiangazi. Kwenye duka moja la mikate la Wareno walisoma jina lake kwenye kadi, wakamsemesha Kireno kwa furaha. Aliwajibu kwa Kiswahili, kwa adabu zote, kwamba hakijui. Hospitalini walimwandika Mhindi. Alipokwenda Goa mara moja kumzika shangazi yake, watoto wa jirani walimwita Mwafrika. Alisema hilo lilimfurahisha mpaka alipogundua kwamba hawakuwa wanamsifu.

Ila kilichomkaa rohoni ni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Alikuwa amechukua uraia wa Kanada na kurudisha pasi yetu, kama sheria inavyotaka, akaelekezwa mstari wa wageni. Ofisa, kijana mchangamfu, alimsifu: mzee, Kiswahili chako safi sana, umejifunzia wapi? "Nilimwambia nimejifunzia Tabora, kabla baba yake hajazaliwa," alinisimulia. "Akanigongea muhuri, akanikaribisha Tanzania." Aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimtetea yule ofisa, kwamba hakuwa na nia mbaya, kijana mwenye adabu kabisa. Nadhani angeona nafuu kama kijana angekosa adabu.

Krismasi moja binti yake alimletea kile kipimo cha asili: unatema mate kwenye kichupa, unakipeleka posta, wanakuambia wewe ni nani. Kichupa kilikaa juu ya friji mpaka theluji ikayeyuka. Kila nilipokwenda kwake nilikiona, na yeye aliniona nikikiona. Mwishowe akatema. Majibu yalipokuja alinipigia. "Hakuna aliyekufa," akasema, kisha akavuta pumzi ndefu kuliko kawaida yake. "Nimetema mate, Mama Rehema, na mate yamesema sijawahi kufika Tabora."

Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Naye alicheka, lakini alichelewa. Ramani waliyomtumia ilikuwa na rangi pwani ya magharibi ya India, na Afrika yote wameiacha nyeupe. Wiki nzima alinipigia kuniuliza mambo madogo madogo, kama nakumbuka embe za Tabora zinavyonukia, wakati anajua mimi sijawahi kwenda. Nilihisi anataka shahidi, na nilisikitika kwamba amenichagua mtu wa Kisarawe.

Sasa niseme kazi yake ya kuwatafutia watu watani, maana hapo ndipo mtu huyu alipokuwa mtu. Kwa asiyejua, utani ninaousema si mzaha wa kawaida. Ni wa kabila na kabila. Babu zao walipigana, au walisafiri pamoja kwenye misafara ya bara wakategemeana njiani, wakaishia kupeana ruhusa ya kutukanana vizazi na vizazi bila mtu kukasirika. Mimi Mzaramo, watani wangu ni Wanyamwezi. Wakifiwa, wajibu wangu ni kwenda kuwavurugia kilio. Nitamwigiza marehemu, nitavaa nguo zake, nitazuia jeneza lisitoke, nitachukua ninachokitaka jikoni bila kuomba. Ndivyo wafiwa wanavyopata upenyo wa kucheka na kuvuta pumzi. Msiba usiokuwa na watani ni kilio kitupu.

Lakini Toronto si Kisarawe. Mnyamwezi anafia Lawrence Heights, Mzaramo yuko Malvern, hawajawahi kuonana, na pengine Mzaramo mwenyewe ana zamu kiwandani. Katibu ndiye aliyejua nani ni nani na nani ni mtani wa nani, yote kichwani. Mngoni amefariki, anatafutiwa Mhehe. Mpare amefiwa, Katibu anapiga simu mpaka anampata Mchaga, hata akiwa Hamilton. Kupanga viti na kukusanya michango wengine pia waliweza. Kuwatafutia watu watani aliweza yeye tu.

Mara ya kwanza kunipigia kwa kazi hiyo nilikuwa bado mgeni mjini, simjui vizuri. Alianza na habari za asubuhi, akaniuliza kwa woga kama kweli mimi ni Mzaramo, akasema kuna mzee wa Kinyamwezi ametutoka, mjane wake hajasema neno tangu hospitali. "Tafadhali," akasema, "ukipata nafasi, naomba uje umtukane."

Msiba ulikuwa kwenye nyumba ya maziko kule Agincourt, kapeti nene, maua, wafanyakazi wa suti nyeusi wanaonong'ona. Nyumbani ningefanya bila kufikiri, lakini pale palikuwa pasafi mno kwa matusi. Katibu alisimama ukutani, kofia mkononi, akaniangalia kwa macho ya kuomba. Jeneza lilipoanza kutolewa nikajilaza chali mlangoni. "Wanyamwezi mmebeba mizigo ya dunia nzima," nikapaza sauti, "leo mzigo ni wewe. Mimi sibebi. Nipeni chai kwanza."

Wale wa suti walishtuka, mmoja akakimbilia simu. Katibu naye akakimbia, kwa zile hatua zake fupi fupi, akamshika mkono na kumweleza kwa Kiingereza cha ofisini kwamba mama huyu yuko kazini na tafadhali asikatizwe. Nilikuwa nimelala chini namsikia. Na mjane alikuwa amefunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika, na wote tulijua kwamba hiki sasa si kilio. Baadaye alinifuata jikoni akaniita mla nazi nisiye na haya. Tukawa marafiki mpaka leo.

Ni mjane huyo aliyenieleza kwa nini Katibu mwenyewe hatanii. Zamani, kabla sijaja, alifariki bibi mmoja wa Kizaramo. Katibu amezaliwa na kukulia Tabora, katikati ya Wanyamwezi. Baba yake alikuwa fundi cherehani pale mjini, yeye akawa karani wa reli, na Kinyamwezi alikisema tangu utotoni. Akajihesabu. Akaona zamu hii ni yake. Aliingia msibani amejifunga khanga kiunoni, akajitupa chini mbele ya wafiwa: Mzaramo, ngoma inalia, wewe umelala? Mjane anasema hakukosea neno, na kwamba Mnyamwezi yeyote angesema hivyo hivyo na watu wangecheka.

Watu walinyamaza. Si kwa hasira, ila kwa kutojua la kufanya. Kisha mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo, na kwa kuwa chumba kilikuwa kimya wote walisikia: "Huyu Mhindi naye ametokea wapi?"

Katibu aliinuka, akakung'uta magoti, akafungua ile khanga akaikunja vizuri, akaenda jikoni kupanga vikombe. Tangu siku hiyo, kwenye kila msiba, yeye alikuwa mtu wa chai.

Sikuvumilia, siku moja nikamuuliza. Tulikuwa jikoni kwake, anakaanga maandazi, na nyumba yake ilikuwa baridi kwa sababu aliogopa kuongeza joto, anasema mashine inaweza kuharibika. Nilitarajia atachukia. Akaniambia kwamba wale watu walikuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea hesabu, maana utani haufuati mahali ulipozaliwa, unafuata babu. "Utani ni ugomvi uliozeeka, Mama Rehema. Babu zenu walipigana wakamaliza. Sisi na nyinyi hatukupigana. Tulinuniana tu, kila mtu upande wake wa kaunta."

Nilijua anachokisema, kwa sababu kwetu nako zilisimuliwa habari za dukani, nani aliuziwa kwa dharau na nani alifukuzwa barazani, na kwao bila shaka zilisimuliwa za duka lililochukuliwa na serikali. Hayo hayajazeeka kiasi cha kuchekwa. Nikala andazi lake, nikamshukuru, na nilipokuwa namshukuru nilimwona akiinamisha kichwa.

Watu walimheshimu mno, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Kwenye shughuli alipewa kiti cha mbele. Vijana walimpokea mfuko, wanawake walimpakulia wa kwanza, na asante Katibu, shikamoo Katibu, pole na kazi Katibu. Hakuna aliyemtania hata kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeingia kwake akafungua friji. Alikuwa na msemo wake, kwamba mgeni huomba, mtani huchukua, na aliusema huku anasukuma sahani mbele yako kana kwamba anakuhonga. Sisi tulichukua kipande kimoja, tukasema kinatosha. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliwahi kuniambia tukiosha vyombo baada ya arobaini ya mtu. "Mimi jembe langu bado liko njiani."

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa msumbufu. Aliweza kukupigia mara tatu kuhakikisha kwamba umesikia simu ya kwanza. Aliwahubiria vijana wasiulizane makabila, taifa letu ni moja, na hapo hapo kijana mgeni hajavua koti, Katibu keshamuuliza baba yake kabila gani. Nilimcheka kwa hilo, kwa heshima. Akasema walifundishwa shuleni kwamba kabila haliulizwi ila kwa utani. "Na mimi huwaulizia watu ule utani," akasema, "mimi mwenyewe sina mtani wa kumuulizia."

Na alituogopea sisi pia, si nafsi yake tu. Aliwaogopea watoto wetu. Rehema wangu anaelewa Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza chote. Siku moja, alipoona video ya mimi nimelala mlangoni msibani, aliniuliza kama huo si uonevu, kwa sababu shuleni kwao mtu angeitwa ofisini. Nilimsimulia Katibu nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza kama Rehema anamjua Mnyamwezi yeyote wa rika lake. Nilisema hapana. Akauliza, basi siku yako nani atakuja? Sikuipenda ile simu. Nilirudi nyumbani nikawa namwangalia binti yangu anavyokula huku anaandika kwenye simu, na wasiwasi wa mzee yule ukanihamia.

Binti yake Katibu alikuwa wa aina ile ile, ila mtu mzima. Alikuja Toronto mdogo, anafanya kazi benki katikati ya jiji, na alimpenda baba yake kwa ukali. Sisi hatukumpendeza sana. Aliwahi kuniambia, kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, kwamba tunamkumbuka baba yake tunapotaka viti. Iliniuma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilitaka kumwambia kwamba tunamheshimu. Nikaona hilo ndilo neno lenyewe lililomchosha baba yake, nikalimeza.

Majira ya baridi yaliyopita Katibu alianguka kwenye barafu mlangoni kwake, nyonga ikavunjika, na hospitali ikamtoa akaenda nyumba ya wazee. Chama kikachagua katibu mwingine, kijana mzuri, anatuma picha ya mshumaa kwenye kundi la simu na namba ya kuchangia. Watani wakaisha hivyo, kimya kimya. Misiba miwili ilipita bila mtu kulala mlangoni, na nilijiambia labda ni baridi.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amevaa kofia yake ndani, kitandani, na wahudumu walimwita kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya. Aliwashukuru kwa kila kitu, kwa maji, kwa kufunga pazia. Aliniuliza habari za watu mmoja mmoja, akaniuliza nani alikwenda kuwatania waliofiwa, nikamdanganya kidogo. Alijua. Akashika ukingo wa shuka. Akasema padri amekuja, mambo ya kanisa yako sawa, binti amepanga kila kitu vizuri sana, kutakuwa na maua na hotuba.

"Nitazikwa kwa heshima, Mama Rehema," akasema.

Mtu mwingine angesema hivyo kwa fahari. Yeye alisema kama mtu aliyepewa majibu mabaya na daktari. Nilifungua mdomo nimtanie pale pale, nikatafuta tusi, na yote yaliyonijia yalikuwa ya dukani, ya Mhindi na mizani yake, yale yale ambayo hayajazeeka. Nikafunga mdomo. Nikamwekea mto vizuri nikaondoka, na kwenye basi siku nzima nilikuwa na roho juu, nikikanyaga breki mapema kila kituo. Niliona kabisa itakavyokuwa. Tutajaa ukumbini na nguo nyeusi, tutasema alikuwa mtu wa watu, na hakuna hata mmoja atakayemvuruga. Tutampeleka mstari wa wageni tena, mara ya mwisho.

Na kumtania kana kwamba ni Mnyamwezi, kwa hisani tu, nisingeweza. Angelijua hilo papo hapo. Hisani ndiyo aliyoshiba.

Jumamosi nilimpigia mama yangu Dar es Salaam. Nilimuuliza swali la ajabu: sisi Wazaramo, je, tuna ugomvi wowote wa zamani na Wagoa? Mama alidhani nimegombana na mtu kazini. Nilipomweleza alipunguza sauti ya redio yake. "Hatuna," akasema. Kisha akasema, "Labda ile suruali ya babu yako."

Habari ya suruali niliijua, kwetu kila mtu anaijua, ila sikuwahi kuifikiria kwa jicho hilo. Babu alikuwa tarishi serikalini, na alipooa alitaka kuvaa suruali mpya badala ya kanzu, awaonyeshe watu. Akaishonesha kwa fundi Mgoa pale mjini. Fundi alikosea kipimo, ikaishia katikati ya muundi, na siku ilikuwa imefika. Babu akaoa hivyo hivyo. Mpaka anakufa mtaa mzima ulimwita Kaptula, na mama yangu shuleni aliitwa Binti Kaptula. Hakuna aliyekufa kwa ugomvi ule, na wote walioumia walikuwa wameshaanza kucheka. Nilimwambia mama asante, nikakata simu, kwa furaha na woga pamoja.

Jumapili nilikwenda. Binti yake alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha dirishani na koti lake mapajani. Nilimsalimia. Kofia ya Katibu ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano nyuma ya mlango, na bila kofia alionekana mdogo sana, nywele zake nyeupe zimesimama. Aliponiona akaanza, habari za nyumbani, Mama Rehema, karibu, kuna biskuti pale, tafadhali chukua.

Sikukaa. Nilisimama miguuni mwa kitanda nikajishika kiuno. Nilisema sikuja kuona mgonjwa, nimekuja kwa ajili ya suruali. Akaniuliza suruali gani. Nikamsimulia yote kwa sauti kubwa, harusi, muundi, Kaptula, Binti Kaptula, nikasema ukoo mzima wa Wazaramo umetembea na aibu ya miguu mitupu kwa sababu ya mafundi wenu Wagoa wasiojua mguu unaishia wapi, na sasa wanataka kufa kimya kimya kabla hawajatuongezea kitambaa. Pembeni niliona binti yake ameinuka. Katibu alikuwa ananiangalia tu, mdomo wazi, na kwa kitambo nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Baba yangu alikuwa Tabora," akasema polepole. "Hakuwahi kushona Dar es Salaam."

"Ndiyo maana ikawa fupi," nikamjibu. "Alimpima babu yangu akiwa Tabora."

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Alicheka mpaka akashika nyonga yake, akasema aah, akacheka tena, machozi yakamtoka. Kisha akanyanyua kidole akasema, baba yake hakukosea kipimo hata siku moja maishani, kama suruali ilikuwa fupi basi Mzaramo alikuwa anaruka ruka ngoma mbele ya fundi badala ya kusimama wima, sasa yeye angepimaje? Hakusema Mama Rehema. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza aliniita Mzaramo.

Tulitukanana mpaka mhudumu akaja kuangalia. Nilipoona amechoka nikachukua biskuti zote, pakiti nzima, nikatia mkobani. Nilipofika mlangoni nikaitoa kofia yake kwenye ndoano na kuitia mkobani pia, mbele ya macho yake, bila kuomba.

"Mwizi," akasema nyuma yangu, kwa sauti iliyokatika kwa kicheko. "Mzaramo mwizi."

Binti yake alinifuata kwenye korido. Nilijiandaa. Aliniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini nimechukua kofia ya mgonjwa. Nilimweleza utani ni nini, vibaya, kwa maneno ya kuruka ruka, nikamwambia baba yake atamweleza vizuri zaidi. Alitazama mkobani mwangu, nikadhani ataidai. Akarudi chumbani, na kabla mlango haujafungwa nilimsikia Katibu akianza kusimulia, Tabora, cherehani, suruali.

Aprili, asubuhi, nilikuwa nimeegesha nje ya shule, watoto wameshaingia. Simu ikaita, jina likatokea la Katibu. Nikapokea. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya binti, na maneno yalimtoka mazito, moja moja, kama ya mtu anayesoma.

"Habari za asubuhi, Mama Rehema."

Safari hii nilikuwa tayari nimekaa. Nililia kwenye usukani, peke yangu kwenye basi lenye viti vitupu.

Ibada ilikuwa kwenye kanisa lao Scarborough, na baada ya misa tukaingia ukumbini. Ilikuwa vilevile nilivyoiona. Maua, picha yake ya ofisini, Wagoa wazee kwa suti nzuri wakizungumza chini chini, sisi upande wa nyuma tumejikunyata, kila mtu na sahani yake ndogo. Watu walisimama kusema alikuwa mnyenyekevu. Nilikuwa na kofia mkobani. Nilijua kwamba nusu ya ukumbi haijui utani ni nini, kwamba mimi ni mwanamke mwenye mtandio kwenye msiba wa Wakatoliki, Mwafrika ninayekwenda kumwigiza mzee wa Kigoa mbele ya ndugu zake. Nilimkumbuka akikung'uta magoti na kukunja ile khanga. Nilitamani kweli kweli kwenda jikoni kupanga vikombe.

Nikainuka. Niliivaa kofia juu ya mtandio, masikio yake yakaning'inia. Nikashika simu sikioni, nikaanza kutembea katikati ya meza kwa hatua fupi fupi, mabega yameinama, kama mtu anayeogopa kusumbua. Nilifika mbele ya picha yake, nikavuta pumzi.

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

Ukumbi ukanyamaza. Ulikuwa ukimya ule ule niliosimuliwa, wa watu wasiojua la kufanya, na uliendelea. Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Nilisimama na simu sikioni, jasho likinitoka chini ya sufu, nikingoja mtu aulize nimetokea wapi.

"Mzaramo mwizi," sauti ikasema.

Alikuwa binti yake, amesimama meza ya mbele, macho mekundu. Alisema kwa Kiswahili, na alisema kwa nguvu, mbele ya padri na shangazi zake wote. "Hiyo kofia ni ya baba yangu."

Nikamwambia aombe vizuri. Hakuomba. Alipita katikati ya watu, akanivua kichwani, akaivaa yeye.